Motopompe imechoka: tutengeneze ao tununue mpya?

Kila kiangazi swali hili linarudi katika kooperative zetu. Mara nyingi linajibiwa kwa haraka, na jibu linatoka kwa yule mwenye sauti kubwa. Katika nambari hii tunaonyesha namna ya kulijibu kwa pipa moja, saa ya telefone na daftari.

Mwezi wa saba katika bonde la Ruzizi, mvua imekwisha zamani. Nyanya ziko katika maua, vitunguu vinaanza kujaza, na maji ya mto yameshuka. Njo wakati huo motopompe inaanza kugoma. Asubuhi kamba inavutwa mara kumi na tano ndipo iwake. Maji yanatoka kidogo kidogo. Wale wenye viwanja vya mwisho wa mfereji wanangoja mpaka jua linazama, na zamu yao haifiki.

Kisha mkutano unaitwa. Mmoja anasema: «Hii pompe ilikwisha, tununue ingine.» Mwingine anajibu: «Pesa iko wapi? Tuite fundi, atatengeneza tu.» Mama mmoja aliye nyuma anauliza: «Na miye, maji yangu nitayapata siku gani?» Wote watatu wana haki. Lakini hakuna kati yao aliyepima kitu. Wanazungumza juu ya bei ya pompe na bei ya piesi, na wanasahau bei iliyo kubwa kuliko hizo zote: bei ya maji yenyewe, kila siku, kwa kiangazi kizima.

Ndugu wanamemba, tuanze na mambo ya karibu, halafu twende kwenye hesabu.

Kwanza: ni pompe kweli yenye ugonjwa?

Motopompe nyingi zinapelekwa kwa fundi wakati shida iko kwenye tiyo. Pompe ya namna tunayotumia haisukumi maji peke yake. Inapaswa kwanza kuyavuta kutoka mtoni ao kisimani. Mvuto huo unaharibika kwa vitu vidogo sana. Kabla ya kutoa hata franga moja, mkague haya kwa utaratibu:

1. Mmejaza maji ndani ya pompe kabla ya kuwasha? Pompe isiyojazwa inazungusha hewa tu. Tena ikizunguka kavu kwa dakika chache, jointi inayozuia maji kwenye mhimili inaungua.

2. Krepini, kile kichwa chenye matundu kinachokaa ndani ya maji, iko safi? Majani, matope ao mfuko wa plastiki vinatosha kuziba kila kitu. Krepini iwe imezama vizuri, lakini isilale kwenye mchanga.

3. Tiyo ya kuvuta ina tundu? Tundu dogo kama la sindano haliwezi kuonekana, kwa sababu maji hayatoki. Hewa ndiyo inaingia. Pakeni povu la sabuni juu ya tiyo na kwenye viungo vyake wakati moteri inazunguka. Mahali povu linapomezwa, hewa inapita pale. Kipande cha mpira wa ndani wa kinga kikifungwa vizuri kinaweza kuokoa siku hiyo, mpaka mpate tiyo ingine.

4. Tiyo ya kuvuta ni nyembamba kuliko mdomo wa pompe? Ao ni laini, inajikunja yenyewe ikivutwa? Hiyo ni sawa na kunywa chai kwa mrija uliobanwa.

5. Kutoka usawa wa maji mpaka kwenye pompe kuna mita ngapi? Hapa tunataka tukae kidogo.

Hakuna pompe ya juu ya ardhi, hata ikiwa mpya, inayoweza kuvuta maji kutoka chini sana. Uzito wa hewa ndio unaoyapandisha maji ndani ya tiyo, na kwenye usawa wa bahari uzito huo hauwezi kupita mita 10 na kidogo. Katika kazi ya kweli, watengenezaji wenyewe wanahesabu mita 7 ao 8 tu. Sisi tunaishi juu. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita zaidi ya 770 juu ya bahari, na Ziwa Kivu kwenye mita zaidi ya 1,400. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, mvuto unapungua kwa karibu mita 1. Kwa hiyo ile motopompe iliyofanya kazi vizuri mwezi wa tano, ikiwa mita 3 juu ya maji, mwezi wa nane inaweza kuwa mita 5 ao 6 juu ya maji, bila mtu kuihamisha. Mto ndio umeshuka. Watu wanasema: «Pompe imechoka.» Hapana, iko mbali na maji. Mkiisogeza karibu, nguvu inarudi siku hiyohiyo.

Lakini angalisho: mkitaka kuikaribisha kwa maji, chimbeni ngazi wazi kando ya mto. Msiteremshe moteri ya esanse ndani ya shimo refu ao kisima. Moshi wake unakaa chini, hauonekani vizuri, na unaua mtu kwa dakika chache. Anayeshuka kumwokoa mwenzake anakufa naye.

Upande wa moteri pia kuna mambo madogo. Esanse iliyokaa tangu kiangazi kilichopita inaacha uchafu unaoziba karburateri. Filta ya hewa iliyojaa vumbi inatoa moshi mweusi na kula esanse. Buji chafu inafanya kamba ivutwe mara ishirini. Tena moteri nyingi za leo zina kifaa cha kuzuia moto usiwake mafuta ya moteri yakipungua, ao mashine ikiwekwa mahali pa mteremko. Inakataa kuwaka ili isijiue. Ongezeni mafuta, iwekeni sawa, mjaribu tena.

Ikiwa mmepita haya yote na maji bado ni kidogo, basi sasa mnaweza kusema: pompe yenyewe ina shida.

Pipa la lita 200 halidanganyi

«Inavuta», «haivuti sana», «inavuta kidogo»: kwa maneno kama hayo hamwezi kufanya hesabu. Chukueni pipa la lita 200, telefone yenye saa ya kuhesabu sekunde, na mtu wa kuandika. Motopompe ikiwa mahali pake pa kawaida, kwa tiyo zile za kila siku, na moteri ikiwa kwa nguvu zote, elekezeni maji ndani ya pipa na mhesabu sekunde mpaka lijae. Fanyeni mara tatu, mchukue ya katikati.

Motopompe ya inchi 2 ikiwa mpya inaandikiwa kwenye karatasi yake karibu lita 600 kwa dakika. Hizo ni lita za mahali ambapo hakuna kupandisha na tiyo ni fupi. Shambani, ikipandisha maji kwa mita chache na kuyapeleka mbali, itatoa pungufu. Tuseme yenu ilipokuwa mpya ilijaza pipa kwa sekunde 30: hiyo ni lita 400 kwa dakika. Leo inajaza kwa sekunde 60: lita 200 kwa dakika. Sasa mnajua. Pompe imepoteza nusu ya nguvu yake.

Kama hamkupima ilipokuwa mpya, ombeni kooperative jirani yenye pompe ya namna ileile, mpime yao kwenye mto wenu na kwa tiyo zenu. Na kuanzia leo, pimeni kila mwanzo wa kiangazi na kila mwezi, na kuandika tarehe. Ukurasa huo mmoja wa daftari una faida kuliko mabishano ya saa tatu.

Hesabu ambayo mkutano unaisahau

Tuchukue mfano. Kooperative ina hektari 2 za nyanya. Katika jua la kiangazi, nyanya zilizokomaa zinaweza kuhitaji milimita 5 za maji kwa siku. Milimita 1 juu ya hektari 1 ni lita 10,000. Kwa hiyo hektari 2 zinataka lita 100,000 kwa siku, bila kuhesabu maji yanayopotea katika mfereji. Hata kama mnamwagilia kila siku ya tatu, jumla ni ileile.

Pompe yenye nguvu, ya lita 400 kwa dakika, itatoa lita 100,000 kwa dakika 250, maana yake saa 4 na dakika 10. Pompe iliyochoka, ya lita 200 kwa dakika, itahitaji saa 8 na dakika 20.

Moteri ndogo ya kawaida inakula karibu lita 1.2 za esanse kwa saa ikiwa na kazi nzito. Pompe nzima: lita 5 kwa siku. Pompe iliyochoka: lita 10 kwa siku, kwa maji yaleyale.

Zidisha kwa siku 90 za kiangazi. Pompe nzima imekula lita 450. Iliyochoka imekula lita 900. Tofauti ni lita 450, ni kusema zaidi ya bido 22 za lita 20. Tuseme esanse kwenu ni dola 1.5 kwa lita: hizo ni dola 675 zilizotoka kama moshi. Wekeni bei ya kwenu ya leo, mfanye hesabu tena. Mtaona kwamba pompe «isiyogharimu kitu kwa sababu bado inawaka» inaweza kula kwa kiangazi kimoja pesa za kununua mpya, na chenji ikabaki.

Tena hatujahesabu mtu. Saa 8 na zaidi kando ya pompe ni siku nzima ya kazi. Na maji yakikawia, anayeumia kwanza ni yule wa mwisho wa mfereji. Mara nyingi ni mama mjane, ao kijana aliyeingia katika kooperative juzi na kupewa kiwanja kilichobaki. Analipa mchango sawasawa na wengine, anapata nusu ya maji. Kooperative nyingi zinaanza kuvunjika hapo, na watu wanadhani ni wivu. Ni sekunde za pipa.

Kuna piesi ya kubadilisha, na kuna mashine iliyokwisha

Sasa fundi amefungua mashine. Motopompe ni vitu viwili vilivyounganishwa: moteri, na pompe yenyewe. Kimoja kinaweza kuwa kizima na kingine kimekufa. Mjue mnatengeneza kipi.

Mambo yafuatayo kwa kawaida yanafaa kutengenezwa, kwa sababu piesi ni ndogo na mashine inarudi karibu na nguvu yake: buji, filta, kamba ya kuwashia, kusafisha karburateri, raba za viungo, na ile jointi ya kwenye mhimili. Jointi hiyo ikichoka mtaona maji yanadondoka kati ya moteri na pompe. Msiyaache hata wiki. Maji hayo yanaweza kuingia katika moteri na kuharibu mengine ya bei kali. Piesi ya dola chache iliyochelewa inaua mashine ya dola mamia.

Gurudumu la ndani linalosukuma maji linaliwa na mchanga. Mito inayoshuka kutoka milimani mpaka bondeni hubeba mchanga mwingi, na mchanga ni kama msasa. Gurudumu likikonda, nafasi inafunguka kati yake na nyumba yake, na maji yanazunguka ndani badala ya kutoka. Moteri inalia vizuri, lakini pipa halijai. Gurudumu linaweza kubadilishwa kama piesi inapatikana. Lakini angalieni na nyumba yake: ikiwa nayo imeliwa, gurudumu jipya halitarudisha nguvu yote.

Mambo yanayoonyesha kwamba mashine inaelekea mwisho ni haya: moshi wa rangi ya bluu, maana moteri inakula mafuta yake kwa sababu pistoni na duara zake zimechoka, kamba inayovutika laini bila upinzani, mlio wa chuma kugonga chuma, mhimili unaocheza huku na huku ukiushika kwa mkono, nyumba ya pompe yenye ufa. Moja kati ya haya linaweza kutengenezwa na fundi hodari. Mawili pamoja, fikirini sana. Matatu, msitupe pesa.

Mafundi wengi wana kanuni moja: ikiwa matengenezo yanapita nusu ya bei ya mashine mpya ya nguvu ileile, nunua mpya. Ni kanuni nzuri ya kuanzia, lakini haitoshi, kwa sababu haiulizi pipa litajaa kwa sekunde ngapi baada ya matengenezo.

Turudi kwenye mfano wetu. Mashine mpya ni dola 300. Fundi anaomba dola 120 kwa kutengeneza ya zamani. Ni chini ya nusu. Kanuni inasema tengeneza. Lakini baada ya matengenezo pipa linajaa kwa sekunde 40, si 30. Hiyo ni lita 300 kwa dakika. Kwa kiangazi kizima itakula lita 600 za esanse, wakati mpya ingekula 450. Lita 150 za ziada, kwa dola 1.5, ni dola 225. Ongezeni zile 120: dola 345 kwa kiangazi kimoja, na mwaka ujao mashine bado ni ya zamani. Hapo mpya ilikuwa rahisi zaidi.

Sasa geuzeni mfano. Fundi anaomba dola 120, na pipa linarudi kwenye sekunde 30 ao 32. Mashine ikidumu viangazi viwili, mmelipa dola 60 kwa kila kiangazi. Hapo kutengeneza ni akili, na anayetaka mpya kwa sababu inang'aa angoje.

Na kwa kiwanja kidogo? Mama mwenye ari 10 za mboga anatumia esanse kidogo sana. Kwake upotevu wa pompe iliyochoka ni wa senti, na kutengeneza kunaweza kuwa na faida mwaka baada ya mwaka. Mashine inayofanya kazi masaa mengi ndiyo inayolipa kubadilishwa mapema.

Siku ngapi bila maji?

Kuna hesabu ingine: siku. Fundi akisema piesi itatoka Bukavu ao Uvira, ao hata ng'ambo ya mpaka, muulizeni itafika siku gani. Nyanya zenye maua zikikosa maji siku kadhaa katika jua kali, maua yanaanguka. Zenye matunda zikikosa maji, halafu zikipewa mengi kwa mara moja, kitako cha tunda kinakuwa cheusi na sokoni hakuna anayelitaka. Matengenezo ya bei rahisi yanayochukua wiki tatu katikati ya maua si rahisi tena.

Kwa hiyo, kabla ya kupeleka mashine kwa fundi, ulizeni majirani bei ya kukodi pompe kwa siku. Bei hiyo iandikwe pamoja na bei ya matengenezo. Na ikiwa kuko namna, fanyeni matengenezo makubwa mwezi wa nne ao wa tano, mvua ikiwa bado iko, wakati fundi hana foleni na mmea hauna kiu.

Kuzungumza na fundi

Fundi ni ndugu yetu, na kazi yake inastahili malipo. Lakini pesa ni za watu wengi, kwa hiyo mambo yawe wazi. Tunapendekeza hivi:

Waende watu watatu: mmoja wa komite, mweka hazina, na mwanamemba mmoja wa viwanja vya mwisho. Fundi aseme ni piesi gani zimekufa, moja moja, na aandike bei ya kila piesi na ya kazi yake mbali mbali. Pateni bei ya fundi wa pili. Ikiwa anayewaambia «hii imekwisha» ndiye anayeuza mpya, sikilizeni, kisha muulize mwingine. Ombeni piesi za zamani zirudishwe kwenu. Siku ya mkutano kila mtu azione na kuzishika. Lipeni pesa za piesi kwanza, na sehemu kubwa ya kazi baada ya kujaribu kwa pipa. Mwambieni mapema: «Baba fundi, tutapima sekunde.» Fundi mzuri hatakataa. Na resu iandikwe, hata kama fundi ni shemeji wa prezida. Hasa kama ni shemeji wa prezida.

Kama ni kununua

Kabla ya kununua, jiulizeni swali moja la mwisho: je, lazima pompe? Katika milima yetu, kuko mashamba mengi ambako chemchemi iko juu ya shamba. Maji yanaweza kushuka yenyewe kwa mfereji ao tiyo, bila esanse. Kazi ya kuchimba ni nzito, lakini mlima hauombi buji wala filta.

Ikiwa ni lazima pompe, nunueni kulingana na maji mnayohitaji na mita za kupandisha, si kulingana na rangi ao ukubwa. Mashine ya inchi 3 inatoa maji mengi kuliko ya inchi 2, lakini inakula esanse zaidi, inataka tiyo kubwa zaidi, na mara nyingi haipandishi maji juu kuliko ile ndogo. Chagueni namna ambayo piesi zake zinapatikana sokoni kwenu, na ambayo jirani zenu pia wanatumia. Kooperative tatu zenye mashine ya namna moja zinaweza kuweka pamoja sanduku la piesi: jointi, buji, filta, kamba.

Ya okazio isinunuliwe bila pipa. Muuzaji akisema «iko nzima kabisa», mwambieni aiwashe kando ya maji, mpime sekunde, muangalie rangi ya moshi ikisha kupata moto. Kwa mpya, ombeni fakture yenye nambari ya mashine na garanti iliyoandikwa.

Pompe za jua zinazidi kuonekana. Hazili esanse, na kwa shamba linalomwagiliwa siku zote hilo ni jambo kubwa. Bei ya kuanzia ni kali, maji yanatoka jua likiwapo tu, na vioo vinahitaji ulinzi. Fanyeni hesabu ileile: lita ngapi kwa siku, na esanse kiasi gani mtaacha kununua.

Mashine ya zamani msiitupe wala msimpe mtu bure. Ikiwa ni ya namna moja na mpya, ni ghala la piesi. Ikiwa si ya namna moja, iuzwe mbele ya wanamemba na pesa ziingie sandukuni.

Mafuta, na sanduku

Mashine ikiwa mpya ao imetengenezwa, maisha yake sasa yako mikononi mwenu. Katika mfano wetu inafanya kazi saa 375 kwa kiangazi. Watengenezaji wa moteri ndogo za esanse kwa kawaida wanaomba mafuta ya moteri yabadilishwe baada ya saa 20 za kwanza, halafu kila saa 100, na mapema zaidi kwenye vumbi. Kwa saa 375, hiyo ni karibu mara nne katika kiangazi, si mara moja. Ni mafuta ya lita moja ao chini kila mara. Linganisheni na bei ya pistoni. Mafuta ya zamani yasimwagwe mtoni. Maji hayohayo ndiyo mnayonywesha nyanya.

Kiangazi kikiisha, ondoeni maji yote ndani ya pompe, maliza esanse ndani ya karburateri, safisha filta, na kuiweka mashine mahali pakavu.

Na pesa za mashine itakayofuata? Zianze kuwekwa siku hii ya kwanza. Mashine ya dola 300 ikifanya kazi viangazi vinne vya saa 375, hizo ni saa 1,500. Gawanyeni: dola 0.20 kwa kila saa. Kila mwanamemba anayechukua zamu ya saa moja aongeze hiyo dola 0.20, kwa franga, juu ya pesa ya esanse, na iandikwe katika daftari lake la pekee. Sanduku hilo lisiguswe kwa msiba, wala kwa safari ya komite, wala kwa deni la mbegu. Mambo hayo yana sanduku lao. Mashine ikichoka, hamtaanza kuchangisha mwezi wa saba, wakati kila nyumba iko kavu kama shamba.

Karatasi moja kwa mkutano

Siku ya kuamua, komite iandike mambo sita ubaoni ao kwenye karatasi kubwa, mbele ya wote:

Sekunde za pipa zilipokuwa nzuri, na sekunde za leo. Bei ya matengenezo, na sekunde ambazo fundi anaahidi. Bei ya mashine mpya, pamoja na usafiri. Esanse ya kiangazi kwa kila njia. Siku ambazo shamba litakaa bila maji kwa kila njia. Pesa zilizoko sandukuni leo.

Asiyejua kusoma asomewe kwa sauti, tena polepole. Kisha wa kwanza kupewa neno wawe wenye viwanja vya mwisho wa mfereji, kwa sababu wao ndio wanaojua kabla ya wote kwamba pompe imeanza kuchoka. Halafu kura ipigwe.

Mwezi huu, kabla ya mkutano wenu unaofuata, tafuteni pipa. Pimeni, andikeni tarehe na sekunde, hata kama motopompe yenu inafanya kazi vizuri. Hasa kama inafanya kazi vizuri: bila nambari ya leo, kesho hamtajua mmepoteza nini.